Kabla ya Kuchora Soko, Tumwone Muuzaji Alivyokaa

Mama yangu aliuza mboga katika soko la Luanda, Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata siku moja akisimama nyuma ya meza. Alikaa juu ya kigoda kifupi, miguu ameinyosha mbele, gunia lililofumuliwa limetandikwa chini, na juu yake mafungu ya mrenda, saga, managu na kunde yamepangwa kwa safu. Kando ya goti lake la kulia kulikuwa na kopo la maji alilotumia kunyunyizia majani jua lilipopanda. Mteja alifika, akachuchumaa, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, wakapatana bei, kisha fungu likaingia mkobani pamoja na nyongeza ya majani machache ambayo hakuna aliyeihesabu.

Baadaye akina mama hao walijengewa meza za saruji zenye kimo cha kiuno, chini ya paa zuri la mabati. Wiki ya kwanza walijaribu kusimama. Wiki ya pili walipanda juu ya meza zenyewe, wakatandika magunia yao na kukaa humo, miguu ikining'inia upande wa mteja, na mteja sasa akawa analazimika kuinua uso ili azungumze na muuzaji, ilhali zamani mteja ndiye aliyekuwa akimwinamia muuzaji. Aliyezichora meza hizo hakuwa mtu mbaya, na saruji yake ilikuwa imara. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kukaa nusu siku sokoni akatazama mtu anavyouza mrenda.

Ninaandika haya kwa sababu kikundi cha wakulima na mafundi wa kwetu kimeniomba nisaidie kuchora soko la jamii litakaloambatana na kituo cha utamaduni. Nimeishi Seattle, nchini Marekani, tangu 2009, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa nikichora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo. Ndugu zetu nyumbani wanadhani kwamba mtu aliyeona masoko ya ng'ambo atarudi na picha ya jengo la kuigwa. Mimi nadhani jengo ndilo jambo la mwisho tunalopaswa kuliiga kutoka huku, na kwamba yapo mambo mengine ya huku ambayo tungefanya vibaya kuyaacha.

Katika jiji hili kuna soko liitwalo Pike Place Market. Lilifunguliwa tarehe 17 Agosti 1907, baada ya bei ya vitunguu kupanda kupita kiasi na wakazi kuwalaumu madalali waliosimama kati ya shamba na jiko. Diwani mmoja, Thomas Revelle, alipendekeza wakulima waruhusiwe kuuza wenyewe barabarani. Siku ya kwanza ilikuja mikokoteni michache tu, na bidhaa zikaisha kabla ya adhuhuri. Kisa hicho angekielewa mara moja mkulima yeyote wa Chwele au Ahero ambaye amewahi kumwona dalali akipanga bei huku gunia likiwa bado halijafungwa mdomo.

Mapaa na vichochoro vya soko hilo vinapendeza, lakini kilichonishika mimi ni kanuni zake. Kwenye meza za kukodishwa kwa siku, anayeuza lazima awe ndiye aliyelima au aliyetengeneza, ili mnunuzi akutane na mzalishaji mwenyewe. Asubuhi nilipokwenda kutazama, mafundi walikuwa wamekusanyika na vikombe vya kahawa mikononi, na ofisa wa soko akaita majina kwa mpangilio wa ukongwe, kila aliyeitwa akachagua meza ya siku hiyo. Hapakuwa na kelele wala mkono uliopitisha noti chini ya kitabu. Mfinyanzi aliyeanza mwaka huo huo alijua kwamba ataitwa mwishoni, na alijua pia kwamba hakuna binamu ya mtu atakayemruka. Nilisimama pale nikamkumbuka mama, aliyekuwa akiondoka nyumbani saa kumi usiku ili awahi mahali pake, na aliyepapoteza mara mbili kwa sababu ya mtu aliyejuana na mkusanya ushuru.

Utaratibu wa namna hiyo haugharimu saruji wala mkandarasi, na ndio ninaotaka uandikwe kabla mstari wa kwanza wa ramani haujachorwa, kwa kuwa ramani huufuata. Tukikubaliana kwamba nafasi ni za siku na hugawanywa kila asubuhi, hatuhitaji vibanda vya kufungwa kwa kufuli. Tunahitaji sakafu iliyoinuliwa kidogo, stoo ya pamoja yenye mlinzi, na uwanja wa watu kukusanyika kuitwa majina. Tukianza na vibanda, kama ilivyo desturi yetu, vibanda vitapata wenyewe kabla havijapakwa rangi, na wengi wa wenyewe hao hawatakuwa wakulima. Watavipangisha, na mama mboga atarudi kando ya lami, palepale alipokuwa, akikimbizana na askari.

Sisemi kwamba huku kila kitu kimenyooka. Kabla ya 1942, wengi wa wakulima wa soko hilo walikuwa watu wa asili ya Kijapani. Mwaka huo serikali ya Marekani ikawahamishia kambini kwa nguvu, na meza zao zikabaki tupu. Soko lilidhoofika kwa miaka mingi baada ya hapo, hadi jiji likapanga kubomoa sehemu yake kubwa ili kupisha maghorofa na maegesho ya magari. Lililookoa soko ni watu. Msanifu majengo Victor Steinbrueck na wenzake walikusanya sahihi, jambo likapelekwa kwenye kura Novemba 1971, na wapiga kura wakaamua soko lihifadhiwe. Tangu 1973 linaendeshwa na shirika la umma lenye baraza lake, ambalo baadhi ya wajumbe wake huteuliwa na meya na wengine huchaguliwa na watu wa sokoni. Kodi ya maduka huyatunza majengo, na ndani ya eneo hilohilo kuna zahanati, shule ya chekechea, kituo cha wazee, ghala la chakula kwa wasiojiweza na nyumba za watu wa kipato kidogo.

Chekechea hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Mimi nimelelewa chini ya mwavuli wa soko, na mdogo wangu alijifunza kutembea kati ya magunia ya maharagwe, akivutwa nguo kila pikipiki ilipopita. Katika michoro ya masoko yetu ninayotumiwa, nimeona maegesho, benki, hata ukumbi wa mikutano, lakini bado sijaona chumba cha watoto. Ilhali wengi wanaouza humo ni kina mama walio na watoto mgongoni.

Hata hivyo, ninapopita katika soko la huku siku ya Jumamosi, naona jambo linalonisikitisha. Wageni ni wengi mno, mamilioni kwa mwaka, na wengi wao wanapiga picha ya maua na samaki kisha wanaondoka bila kununua kitunguu. Nimewahi kununua karoti kwa mkulima mmoja kwa miezi kadhaa, na mazungumzo yetu yote hayakupita maneno kumi. Bei imeandikwa kwenye kadi, na huwezi kuiomba ipungue bila kuonekana huna adabu. Kibuye, pale Kisumu, siku ya Jumapili, huwezi kununua hata sahani moja ya omena bila kuambiwa hali ya ziwa, kuulizwa wewe ni wa wapi, na pengine kugundua kwamba shangazi yako aliolewa katika kijiji cha muuzaji. Kijaluo, Kiluhya, Ekegusii na Kiswahili vinapishana juu ya mzani mmoja. Huo ndio utamaduni wenyewe, ukiwa kazini, na sidhani kwamba unaweza kuhamishiwa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na jukwaa.

Kwa hiyo neno hili, kituo cha utamaduni, linanitia wasiwasi. Nimeona jengo moja la aina hiyo katika upande wetu wa nchi, ambalo sitalitaja, likiwa limefungwa kwa minyororo mwaka mzima na kufunguliwa siku ya mgeni rasmi. Ngoma zilikuwa zimepangwa ukutani, na popo walikuwa wamehamia darini. Sina neno dhidi ya makumbusho; Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yana boma la Kijaluo ambalo watoto wa shule hujifunza mengi humo. Lakini ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, na sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaoijua ni wazee wasio na warithi. Mrithi hatapatikana kwa kuitazama ngoma ikiwa nyuma ya kioo. Atapatikana akipita na mkoba wa mboga, akamkuta mzee anawamba ngozi, akasimama, akaulizwa kama ana mikono au amekuja kuangalia tu.

Ndiyo maana katika mchoro wangu karakana hazipo nyuma. Zimepangwa kwenye njia kuu, kati ya lango na mboga, bila kuta za mbele. Wafinyanzi wa Ilesi, ambao kwa sasa huuza vyungu vyao kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, wanahitaji mahali pakavu pa kuanikia vyungu kabla ya kuvichoma, na uwanja wa wazi wa kuchomea, upande ambao upepo hautapeleka moshi kwenye samaki. Wanaosuka vikapu na viti kwa magugu maji ya Ziwa Victoria wanahitaji nafasi ya kukausha mashina. Wachongaji wa mawe ya Tabaka, kule Kisii, wana vumbi, nao lazima wawe mbali na chakula na karibu na maji. Haya si mapambo ya kituo. Kila fundi ana uchafu wake, na mchoraji anayeuona uchafu huo mapema atampa kila mmoja mahali panapomfaa.

Kuhusu jua na mvua, huku hakunifundishi mengi. Seattle imejulikana kwa mvua, lakini mvua yake kwa mwaka ni milimita 950 hivi, na aghalabu ni manyunyu. Vihiga hupata karibu maradufu ya hiyo, na nyingi huja alasiri kwa kishindo, pamoja na radi na mara nyingine mvua ya mawe. Huku watu hutafuta mwanga maana jua la kipupwe halipandi juu. Kwetu Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Luanda, na adui wetu ni jua la asubuhi na la jioni linaloingia kwa ubavu. Jengo refu, basi, lielekee mashariki na magharibi kwa ncha zake nyembamba, lifunguke kaskazini na kusini, na paa litokeze mbele vya kutosha ili mvua ya kuegemea isimfikie aliyekaa chini. Paa la mita za mraba 1,000 linapopata milimita 10 tu za mvua hupokea lita 10,000 za maji. Kwa sasa maji hayo huteremka kwenye udongo mwekundu na kupita katikati ya nyanya. Yakielekezwa kwenye matangi yataosha sakafu, vyoo na mboga. Vizuia radi viwekwe tangu mwanzo. Na chini ya mabati kuwe na dari la mbao au mikeka, kwa sababu mvua ikipiga mabati matupu hakuna anayemsikia mwenzake, na biashara yetu ni ya kusikilizana.

Wapo watakaoniambia kwamba hayo yote ni ya serikali. Ni kweli: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya masoko na pia shughuli za kitamaduni, kwa hiyo soko na kituo cha utamaduni viko mkononi mwa serikali moja, ile ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi washirikishwe. Lakini mama yangu aliwahi kualikwa kwenye kikao cha kushirikishwa kilichoitishwa saa nne asubuhi, siku ya soko, katika hoteli iliyo mbali na soko. Hakwenda, wala wenzake hawakwenda, na ripoti iliandikwa kwamba wafanyabiashara waliafiki. Meza za kimo cha kiuno zilitokana na kikao kama hicho.

Mwezi uliopita nilimpigia mama simu nikamwomba anipimie kitu kimoja: kutoka nyayo zake hadi nyuma ya kigoda, akiwa amekaa kama alivyokuwa akikaa. Aliniuliza kama nimekosa kazi. Kisha akamwita jirani, wakachukua kamba ya kufungia sukuma wiki, wakaweka mafundo, na mpwa wangu akaipima kamba kwa rula ya shule na kunitumia jibu. Nilimwomba pia apime upana wa gunia na nafasi ambayo mteja huchuchumaa. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vilivyonipa upana wa jukwaa moja, na mpangilio wote wa sakafu umetoka hapo.

Desemba nitakuwa nyumbani. Nimewaomba wanakikundi wasiite mkutano, ila waninunulie mfuko wa chokaa. Siku ya soko tutachora mistari kwenye uwanja wenyewe kwa ukubwa wake halisi, lango, karakana, chumba cha watoto na majukwaa, na kila mwenye mboga, vyungu au ngoma ataombwa akae ndani ya mistari yake na kuuza hadi jioni. Mstari atakaoukanyaga mtu kila mara nitaufuta na kuuchora upya alipopita.