Hasheem Thabeet Si Galasa

Kila ukifika mwezi wa sita, NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wanapokaribia kuchagua wachezaji wapya, tovuti za michezo za Marekani hutoa orodha ya waliochaguliwa mapema kisha wakashindwa kutamba. Jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, halikosekani. Wamarekani siwalaumu, ligi ni yao na hesabu ni zao. Kinachoniuma ni pale orodha hizo zinapovuka bahari, zikatua kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Dar, na Watanzania wenzake ndio wanaoongeza chumvi. Galasa. Kalipewa bahati kakaichezea. Mtu aliyechaguliwa kabla ya Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ligi!

Nimechoka kuisikia hiyo, na leo nataka niseme ninavyoliona.

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake, msanifu majengo, alifariki kwa matatizo ya selimundu yeye akiwa bado mtoto. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka 15. Hapo pana jambo ambalo watu hulipita haraka mno. Katika umri huo, kijana wa Marekani anayetazamwa kama mchezaji wa baadaye wa NBA ameshacheza mechi nyingi hata hazihesabiki, ana kocha wa shule na kocha wa kiangazi, na kila kosa la miguu yake limeshasahihishwa. Hasheem ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa kudunda mpira. Akasoma Makongo, shule yenye jina kubwa kwenye michezo jijini, akatafuta vyuo vya Marekani kwenye intaneti na kuviandikia mwenyewe. Alipofika kule alihama shule zaidi ya moja kabla ya kutulia Cypress Christian, Houston. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, chini ya kocha Jim Calhoun, mtu ambaye tayari alikuwa na mataji mawili ya taifa.

Kutoka kushika mpira kwa mara ya kwanza hadi kuvaa jezi ya UConn ni takriban miaka minne. Kuna watu wanakaa muda huo wakitafuta namba kwenye timu ya mtaa.

Na pale chuoni hakuwa mtalii. Alikuwa mlinzi bora wa Big East, kundi la vyuo ambamo UConn ilicheza, mwaka 2008, akarudia 2009, na miaka hiyo hiyo miwili chama cha makocha wa vyuo kikamtaja mlinzi bora wa nchi nzima. Msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi (mipira iliyokosa ringi akaidaka) 10.8 na bloku (mipira ya wapinzani aliyoizuia hewani) 4.2 kwa mechi. Dhidi ya chuo cha Providence alifikisha tarakimu mbili katika mambo matatu: pointi 15, rebaundi 11, bloku 10. Bloku kumi kwa mtu mmoja katika mchezo mmoja! Zipo timu nzima ambazo hazifikishi hizo kwa usiku mmoja.

Mwenye nafasi atafute mechi zake za wakati ule azitazame, ila aangalie miguu badala ya mikono. Mtu mwenye urefu wa mita 2.21 haimlazimu kuruka sana. Hasheem alisimama mbele ya ringi, mikono juu, akimwacha mshambuliaji amalize ujanja wake wote kwanza. Wenzake waliokuwa mbele, akina A.J. Price na kijana mdogo aliyeitwa Kemba Walker, waliweza kumbana mwenye mpira kwa nguvu zote kwa sababu walijua wakipitwa, nyuma yupo mtu. Wapinzani walianza kupiga mipira ya juu isiyo ya kawaida yao, au kufika chini ya ringi wakaghairi na kurudisha pasi nje. Hizo takwimu haziandikwi popote, lakini ndizo zilizoipeleka UConn nusu fainali ya taifa mwaka 2009, ambako walifungwa na Michigan State 82 kwa 73 jijini Detroit.

Kuna mechi moja ambayo wanaomsema hupenda kuitaja, na siikwepi. Tarehe 16 Februari 2009, siku ya kuzaliwa kwake, UConn ikiwa namba moja nchini, Pittsburgh waliwafuata nyumbani kwao wakawafunga 76 kwa 68. DeJuan Blair, mfupi kuliko Hasheem kwa sentimita kadhaa lakini mpana na mzito wa kiuno, alimaliza na pointi 22 na rebaundi 23, na katika kugombea mpira mmoja walinasana mikono, Hasheem akapinduka juu ya bega la Blair hadi chini. Ile picha ilizunguka kila mahali. Ilionyesha kweli moja: akisukumwa chini ya kiuno, Hasheem alikuwa anasukumika. Nguvu ya miguu na kujua mahali pa kuweka mwili kabla mwenzio hajaweka wake ni kazi ya miaka mingi, na hiyo miaka hakuwa nayo. Pamoja na hayo, mwisho wa msimu ule ule yeye na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East.

Juni 25, 2009, New York, huku kwetu ikiwa tayari usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden, wa saba Curry. Hapo ndipo hesabu ya ugalasa inapoanzia, na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi.

Kwanza, sheria. Vyuoni, mlinzi mrefu anaruhusiwa kukaa chini ya ringi yake kadiri apendavyo. NBA tangu msimu wa 2001-02 wana kanuni ya sekunde tatu kwa walinzi: huruhusiwi kusimama kwenye lile eneo kwa zaidi ya sekunde tatu bila kuwa unamkaba mtu kwa karibu. Silaha kubwa kuliko zote za Hasheem, kule kusimama na kusubiri, ikawa faulo. Sasa alitakiwa atoke, arudi, atoke tena, amfuate senta wa wapinzani, yule mrefu wa chini ya ringi, anapopanda juu kumzibia njia mkabaji wa mwenzake, kisha awahi kurudi chini. Ni mchezo mwingine kabisa, na unamtaka mtu mwenye miguu iliyofunzwa tangu utotoni.

Pili, timu yenyewe. Memphis tayari walikuwa na senta wao, Marc Gasol. Msimu ule ule wakamleta Zach Randolph, naye mchezaji wa chini ya ringi. Kutoka ushindi wa mechi 24 wakapanda hadi 40. Timu inayopanda kwa kasi hiyo haina subira na mtoto anayejifunza, na siwalaumu, kocha analipwa ashinde. Lakini mchezaji ghafi akipewa dakika 13 kwa mechi, atajifunza lini? Faulo mbili za haraka, benchi. Pasi moja ikamponyoka, benchi. Alimaliza msimu wa kwanza na wastani wa pointi 3.1 na rebaundi 3.6.

Watu hunijibu kwa kumtaja Hakeem Olajuwon, nyota wa NBA kutoka Nigeria, naye alianza kikapu akiwa kijana mkubwa kule Lagos. Sawa. Lakini Olajuwon alikuwa ametoka kwenye mpira wa mikono na golini kwenye soka, miguu yake ilishajua kucheza, na alipofika Houston akawa anapambana kwenye mazoezi ya kiangazi na Moses Malone, mmoja wa masenta wakubwa wa zama zile. Mfano unaonigusa zaidi ni wa jirani yetu wa Kongo, Dikembe Mutombo. Naye alichelewa kuanza. Lakini alikaa chuo cha Georgetown chini ya John Thompson, kocha ambaye mwenyewe aliwahi kuwa senta, na alipochaguliwa wa nne mwaka 1991 alikuwa na miaka 25, mtu mzima. Alikwenda Denver, timu iliyokuwa imeshinda mechi 20 tu msimu uliotangulia. Hawakuwa na cha kupoteza. Wakampa zaidi ya dakika 38 kwa mechi tangu mwaka wa kwanza, akosee, arudi, akosee tena. Alijibu kwa pointi 16.6 na rebaundi 12.3. Baadaye akachukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara nne.

Sisemi Hasheem angekuwa Mutombo. Mutombo alikuwa na ukali wa ndani ambao Hasheem hakuuonyesha mara nyingi uwanjani, na zipo mechi ambazo ungetamani kumwona akigombea mpira kama anaudai. Ninachosema ni kwamba mche unaohitaji jua uliwekwa chini ya mbuyu, halafu watu wakashangaa haukurefuka.

Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo iliyo chini ya NBA, mji wa Bismarck, katikati ya baridi kali ya North Dakota. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kushushwa huko, na vyombo vya habari viliitangaza kama aibu. Leo timu za NBA huwashusha vijana wao kwenye ligi hiyo wapate dakika, na inaitwa malezi. Mwaka mmoja baadaye Memphis wakambadilisha na Shane Battier wa Houston Rockets. Battier huyo ndiye aliyefunga pointi tatu za ushindi katika mchezo wa kwanza wa hatua ya mtoano dhidi ya San Antonio mwezi Aprili 2011, na Memphis wakawatoa vigogo hao. Kwa Memphis biashara ililipa. Kwa Hasheem, Houston karibu hakucheza, Portland akapita, na akapata utulivu kidogo Oklahoma City Thunder kuanzia 2012, timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook, akitokea benchi kwenye kikosi kilichoshinda mechi 60 msimu wake wa kwanza pale. Mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Mechi 224.

Mechi mia mbili ishirini na nne za NBA. Zigawe kwa Watanzania wote waliozaliwa na kukulia hapa: zote ni zake. Hakuna mwingine mwenye hata moja.

Kinachonifanya nimheshimu zaidi ni yaliyofuata. Angeweza kukaa chini akala alichovuna. Badala yake alirudi ligi ndogo Grand Rapids, akaenda Japan kuchezea Yokohama, akaenda Taiwan, na akiwa na umri ambao wengi wa rika lake wameshageuka wachambuzi wa televisheni, akarudi nyumbani na kuvaa jezi ya Dar City. Mtu asiyeupenda mchezo hafanyi hivyo.

Sasa swali ambalo nadhani ndilo letu. Kwa nini miaka yote hii tangu 2009 bado tunamzungumzia yeye peke yake? Rwanda wamejenga ukumbi wa kisasa Kigali, na ligi ya kikapu ya bara la Afrika, BAL, ilianzia humo mwaka 2021. Sisi tuna ukumbi wa ndani wa taifa, tuna viwanja vya JMK Park pale Kidongo Chekundu, tuna Don Bosco, na baada ya hapo ni sakafu za saruji zilizopasuka kwenye mashule, ringi bila nyavu, mchezo ukisimama masika yakianza. Kijana mrefu anarukaruka kwenye saruji tangu darasa la saba, magoti yanaanza kulia kabla hajafika kidato cha nne. Atiki Ally Atiki, kijana wa Mwanza aliyecheza vyuo vya Marekani, BYU kisha New Mexico, ilibidi apitie Canada kwanza. Njia ni ile ile ya Hasheem: ukitaka kufundishwa, ondoka.

Na makocha wetu wa mitaani, watu wanaojitolea bila malipo na ambao nawavulia kofia, wengi wao walicheza nafasi za wachezaji wafupi wa nje, wale wanaopandisha mpira. Wanajua kufundisha kudunda na kupiga. Nani anamfundisha mtoto mwenye mita mbili namna ya kuweka kiuno, namna ya kugeuka na mgongo kwa ringi, namna ya kutua kwa miguu miwili ili magoti yadumu? UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kila mwaka inatuletea vijana warefu kutoka mikoani. Wanacheza wiki mbili, wanapigwa picha, wanarudi makwao.

Hapa Dar yupo mtu mmoja aliyepita mikononi mwa Calhoun, aliyefanya mazoezi na Gasol kila siku, aliyesukumwa na kila senta mkubwa wa kizazi chake na anajua kwa mwili wake ni kitu gani kilimpungukia. Shirikisho la kikapu na wizara wamkalishe, wamlipe kama mtaalamu, wampe vijana ishirini warefu kuliko wote waliopatikana UMISSETA, ukumbi wenye sakafu ya mbao na muda wa asubuhi usioingiliwa na matamasha. Wafanye hivyo sasa, wakati bado anaweza kusimama nao chini ya ringi na kuwasukuma yeye mwenyewe.