Sheria inaulinda mlango, nyumba haimo

Aliyepita Pangani au Kilwa Kivinje anaijua nyumba ya namna hii: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, baraza mbele, mlango wa nakshi, ukumbi unaonyooka hadi uani. Tuseme ilijengwa mwaka 1910, Mjerumani akiwa bado anatawala. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Kwa milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za mashariki, sheria hiyo hiyo inasogea hadi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Maana yake mlango wa nyumba yetu umelindwa, lakini kuta zinazoushika hazimo, labda Waziri azitangaze.

Pengo hili linaniuma. Mwaka 1886 ndio Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo ya nchi hizi, na ni rahisi kudhani kwamba kilichojengwa baada ya hapo ni cha mkoloni. Boma, yaani jengo la utawala wa Kijerumani, ni la mkoloni, sawa. Nyumba hii ni kazi ya fundi wa pwani, aliyepima upana wa chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, karibu mita 2 na nusu au 3. Baraza ilitenganisha mgeni wa njiani na mgeni wa ndani, na uani kulikuwa na maisha ambayo mpita njia hakuyaona. Hayo yote yanasomeka ukutani hata kama familia haikuacha karatasi hata moja. Ushahidi wa wakubwa tunao wa kutosha. Wa mfanyabiashara mdogo wa mji mdogo tunao kwenye nyumba kama hizi tu.

Pangani yenyewe inaeleza kwa nini zimebaki. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulipandwa Kikogwe, jirani kabisa na mji huo, lakini reli ilianzia Tanga na biashara ikahamia huko. Mji ukakosa fedha za kubomoa na kujenga upya. Uhaba ndio uliozihifadhi nyumba kuliko idara yoyote. Sasa mradi wa barabara ya lami kati ya Bagamoyo, Pangani na Tanga, pamoja na daraja la Mto Pangani, unabadilisha hesabu hiyo, na kiwanja kilicho chini ya nyumba kinaweza kuwa na thamani kuliko nyumba yenyewe.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu, na sitaki kuupuuza. Nyumba hizi zina wenyewe, tena wengi. Aliyejenga aliacha watoto, watoto wakaacha watoto, na mirathi haikugawanywa. Wajukuu ishirini wana haki ndani ya vyumba sita, na anayeishi humo mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Paa linavuja. Ukimwambia atengeneze kwa chokaa, atakuuliza fundi wa chokaa yuko wapi. Akipiga plasta ya saruji, ambayo inapatikana dukani, unyevu unanaswa ndani ya ukuta na chumvi inamega mawe taratibu. Boriti nazo ni shida: mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, na ni vizuri iwe hivyo. Kwa hiyo tunamtaka mtu ahifadhi nyumba kwa vifaa tulivyomzuia kuvichukua au tulivyoacha utaalamu wake upotee.

Wapo wanaojibu kwa kutaja Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na 2000. Ni kweli majengo mengi huko yamepona. Lakini Lamu nyumba nyingi pia zimenunuliwa na wageni, na nyumba iliyopona huku wenyewe wamehama imepoteza nusu ya kile nilichokuwa nakitetea.

Kwa maoni yangu, tarehe ya 1886 isogezwe angalau ifikie ile ya milango, maana hakuna hoja ya kuuthamini mlango na kuudharau ukuta wake. Lakini ulinzi usiguse kila tofali. Baraza, sura ya mbele, ukumbi na uani vibaki. Choo, jiko na umeme viwe vya leo. Na umma ukisema nyumba ni yake pia, ubebe sehemu ya gharama: kodi ya jengo iondolewe kwa wanaokarabati, na vyuo vya ufundi virudishe somo la chokaa. Wakfu, yaani mali iliyotengwa isiuzwe wala kugawanywa, ambao watu wa pwani wanaujua, ungezuia mrithi mmoja asiuze peke yake, ingawa wakfu usio na kipato cha matengenezo huishia na paa lililoanguka.

Pale ambapo kubomoa hakuepukiki, nyumba ipimwe na kuchorwa kwanza, chumba kwa chumba, mlango ukiwa bado mahali pake. Ukishang'olewa na kuuzwa, nakshi zake zinabaki nzuri vile vile, lakini haujui tena ulikuwa unafungua ukumbi wa nani.