Milioni 200 za mbao si milioni 200 za sementi

Tangu Julai 2023, mfanyabiashara wa Tanzania Bara analazimika kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani, 18%) mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, au milioni 100 ndani ya miezi sita. Kabla ya hapo ilikuwa nusu ya hizo. Wenye maduka ya Ngamiani, hapa Tanga, walikuwa na kila sababu ya kushusha pumzi. Lakini mabishano yote yameishia kwenye ukubwa wa namba, wakati kinachomwangusha muuzaji kipo kwingine kabisa.

Kwanza, hayo ni mauzo, si faida. Duka la vifaa vya ujenzi linalofungua siku 26 kwa mwezi linafika milioni 200 likiuza kama 641,000 kwa siku. Mfuko wa sementi ukiuzwa, tuseme, 16,000, hiyo ni mifuko 40 tu. Ukibakiwa na 700 kwa kila mfuko, umepata 28,000, na hapo hujalipa kibarua wala pango. Mwenye saluni mwenye mauzo kama hayo angekuwa anajenga ghorofa Raskazone.

Pili, wengi wanaamini ukisajiliwa unakatwa 18% ya mauzo yote. Sivyo. Chukua bidhaa uliyonunua kwa msambazaji aliyesajiliwa kwa 11,800, ndani yake VAT 1,800, ukaiuza 13,000. Kodi iliyomo kwenye 13,000 (zidisha kwa 18, gawa kwa 118) ni 1,983. Ukitoa ile 1,800 uliyokwisha kulipa, unapeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, 183. Jirani asiyesajiliwa anabaki na 1,200, wewe 1,017. Inauma kidogo, ila haifungi duka.

Sasa njoo kwenye mbao. Mpasua mbao mdogo kutoka Lushoto hajasajiliwa VAT, na mara nyingi hata risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) hana. Umenunua kwake kwa 10,000, ukauza 13,000 ileile. Hapa huna cha kutoa: 1,983 yote inaondoka. Katika faida ya 3,000 unabaki na 1,017, na jirani aliye chini ya kiwango anabaki na 3,000 kamili. Anaweza kushusha bei hadi 12,000 akaendelea kula vizuri; wewe ukimfuata unabakiwa na 169. Mchanga, kokoto, samani za fundi wa mtaani: hesabu ni hiyohiyo. Kiwango kimoja, lakini kinamwadhibu anayenunua kwa wadogo na kumwachia anayenunua kiwandani. Sioni haki hapo.

Anayenufaika yupo pia. Mkandarasi aliyesajiliwa akinunua kwako kwa 13,000 akiwa na risiti yenye VAT, anarudishiwa ile 1,983 kwenye hesabu zake. Kwa jirani yako, 13,000 ni 13,000. Kama wateja wako ni wakandarasi na mahoteli, usajili unakuletea wateja. Kama ni mama anayejenga chumba na sebule Makorora, bei ndiyo anayoangalia.

Muuza machungwa ya Muheza asihangaike: mazao yasiyosindikwa yamesamehewa, na mauzo hayo hayahesabiki kwenye milioni 200. Akianza kukamua juisi na kuifunga kwenye chupa, hapo ni habari nyingine.

Dawa ya mtaani ni kugawa duka: nusu jina la mume, nusu la mke. Ni dawa mbovu. Manunuzi yanakuwa na TIN (namba ya mlipakodi) moja, mauzo TIN nyingine, na siku ya ukaguzi hakuna hesabu inayokubaliana. Ningependa sheria imruhusu anayenunua kwa wasiosajiliwa kulipa asilimia ndogo ya mauzo, kama wanavyofanya wa chini ya milioni 100 kwenye kodi ya mapato.

Kwa sasa, ukifika milioni 150 tenga manunuzi yako mafungu mawili: yenye risiti ya VAT na yasiyo nayo. Fungu la pili likiwa kubwa, badilisha bei au msambazaji kabla ya kusajiliwa, si baada. Ukifika kiwango una siku 30 za kuomba. Kisha kila risiti ya manunuzi iandikwe TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) yako, na ritani, yaani hesabu ya VAT ya mwezi, iende TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza msumari.