Laptopu isiyokubali Windows 11: je, Linux yafaa Malindi?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa Malindi wanaulizwa swali lile lile: laptopu isiyokubali Windows 11 tuifanyeje? Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mitumba ni za kabla ya hapo, ilhali zingali nzima.

Wanaotetea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, wana hoja nzito. Linux Mint, mojawapo ya matoleo yake, ni ya bure, inaridhika na RAM ya GB 4, na masasisho yake ya usalama yanaendelea. Ukiiweka kando ya Windows ya wizi, iliyopachikwa kiprogramu cha kuvunja leseni ambacho hujui kimebeba nini, sioni cha kubishania. Mwanafunzi wa mtaa wa Barani anayeandika kazi zake na kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kivinjari hatapungukiwa na kitu.

Wanaoipinga nao hawasemi ovyo. Laptopu kadhaa za zamani zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom, na mara nyingi draiva yake, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo, haiji na mfumo. Utaipakuaje na intaneti hakuna? Dawa ipo: chomeka simu kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti, kisha fungua kisimamizi cha draiva, chagua inayopendekezwa, uwashe mashine upya. Kwa anayejua ni kazi ya dakika chache. Asiyejua atakwenda kwa fundi, na fundi asiyeizoea Linux atamwambia warudishe Windows.

Aliyebakisha mifumo yote miwili ataona saa ya Windows imebaki nyuma kwa saa 3. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Kenya iko saa 3 mbele ya UTC. Amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, inatosha.

Mhasibu wa hoteli anayetegemea faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, asidanganywe lakini. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, itazifungua, ila makro nyingi zitagoma. Huyo abaki na Windows, atafute mashine mpya zaidi.

Kwa wengine wengi, naelemea upande wa Linux, kwa sharti kwamba Windows isifutwe kabla ya majaribio. Mint huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Funika laptopu uone kama itaamka. Kinachogoma hapo huenda kikagoma hata ukishaiweka. Na maduka yetu yaiweke faili ya Mint tayari, takribani GB 3, ili mteja asimalize bando lake kuipakua, bali amlipe fundi kwa kazi ya kuiweka na kuirekebisha.