EMC: uianze kwenye mchoro au usubiri maabara?

Kama uliwahi kuweka kitochi karibu na redio unaujua ule mlio, spika inaanza trrr-trrr-trrr halafu sekunde moja baadaye simu ndo inaita. Simu ya GSM inarusha mawimbi vipande vipande, mara 217 hivi kwa sekunde, nyaya za redio zinayadaka na amplifaya inayageuza kuwa sauti. Redio nzima, simu nzima, ila zikikaa meza moja hazielewani. Kuzifanya zielewane, kila kifaa kisisumbue wala kusumbuliwa na mawimbi ya mwenzake, ndo mafundi wanaita EMC (electromagnetic compatibility), na ubishi wake haujaisha mpaka leo: ulishughulikie tangu unachora saketi, au kifaa kifanye kazi kwanza, kiuzike, mambo ya mawimbi mtayaona huko maabara ya vipimo?

Mi niko upande wa kuwahi, lakini wanaosema baadaye wana hoja na historia inawabeba. Chukua Marekani 1977. Kampuni ya Tandy walitoa TRS-80, kompyuta ya dola 599.95 pamoja na skrini, na ilikuwa inavujisha mawimbi mpaka watu wakawa wanaweka redio ya AM pembeni yake ili wasikie milio ya gemu, maana yenyewe haikuja na spika. Waya bapa wa kwenda kwenye boksi la nyongeza haukuwa na kinga, kwa hiyo ulikuwa antena kabisa. Na bado iliuzika sana! Apple nao mwaka huohuo wakaona kile kidude cha kuunganisha Apple II na TV kitawakwamisha kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya kule iliyokuwa inabana mawimbi ya vifaa vya kuchomeka kwenye TV, wakakitoa kwenye boksi kikauzwa na kampuni nyingine. Njia ya mkato, ndio, na iliwafikisha.

Sasa waangalie Atari waliofuata sheria hiyo ya TV tangu mwanzo. Kompyuta zao za 400 na 800 za mwaka 1979 zina kava zito la aluminiamu ya kumimina ndani la kuzuia mawimbi, gharama juu, kuongeza kadi ndani ikawa shida, na vifaa vingi vya nje ikabidi vipitie waya mmoja wa polepole. Baadaye FCC wakalegeza sheria hiyo na kompyuta yao iliyofuata, 800XL, ikatoka na bati jepesi tu. Kwa hiyo anayesema ukiwahi unaweza kulipia kinga ambayo kesho haihitajiki, hajatunga, ilitokea.

Ila TRS-80 ile ya kwanza iliishia wapi? Sheria mpya za kompyuta zenyewe, hata zisizochomekwa kwenye TV, zilipoanza kubana mwanzoni mwa 1981 ikaondolewa sokoni, haikuwa na maana kuirekebisha. Tandy walipona kwa sababu Model III ilishatoka 1980, kila kitu boksi moja. We mwenye bidhaa moja na hela ya mkopo, na bodi zimeshaprintiwa, Model III yako iko wapi?

Nachoona mimi, wengi wakisikia "mapema" wanawaza aluminiamu ya Atari, wakati kazi ya mwanzo yenye faida kubwa haina hata gharama. Mkondo ukienda lazima urudi, na ule wa kasi unapenda kurudi kwenye graundi (shaba ya upande wa hasi) palepale chini ya njia uliyoendea. Ukikata graundi pale katikati ili upitishe tresi nyingine (njia ya shaba kwenye bodi), mkondo unazunguka mbali na hilo duara linakuwa antena. Kwenye mchoro kuziba hilo pengo ni dakika tano. Kuacha pedi tupu (sehemu za kuchomelea) za filta ya kuchuja kelele karibu na konekta nako ni hivyohivyo, ukipima ukakuta iko sawa unaweka rezista ya sifuri, ambayo ni kama kipande cha waya tu, unaendelea na maisha.

Na usijidanganye kwamba utaliona tatizo mezani. Waya wa mita 1 ukibeba maikroampia 5 tu za mkondo uliopotea njia kwenye MHz 50, unatosha kuvuka kikomo cha FCC cha vifaa vya nyumbani, maikrovolti 100 kwa mita ukipimia umbali wa mita 3. Maltimita gani ya mtaani itakuonyesha hiyo? Ndo maana walioahirisha wanaishia kuvisha kila waya feraiti (kile kidude cheusi cha kumeza kelele) wakibahatisha, na kila feraiti ni hela kwenye kila kifaa utakachouza.

Kusubiri nakuelewa kama kifaa ni kidogo, cha betri, hakina waya unaotoka nje, na bado hujui kama kuna mtu atakinunua, hapo kulipia maabara ni kuwahi mno. Ila usiseme "chipu yangu ni ya MHz 8 tu", chipu za leo zinaswichi kwa nanosekunde chache, na uswichi wa kasi hivyo unarusha pia mawimbi ya 8 mara mbili, mara tatu, kuendelea juu, na 8 mara 12 ni 96, katikati ya FM.

Hili nalisema kwa uchungu maana nilichora chaja ya sola ya leya 2 (bodi yenye shaba pande mbili tu), ikachaji vizuri kabisa, ila ukiiwasha chaja, redio ya FM ya nyumba hiyohiyo inajaa kelele, na redio ndo kitu cha kwanza ambacho wateja wale walikuwa wanakitaka wakipata umeme. Kapasita ya pale umeme unapoingilia ilikuwa sentimita 4 toka kwenye transista inayoswichi, duara la mkondo likawa kubwa, antena ileile. Nikachora upya nikaisogeza ikawa milimita 5, redio ikatulia. Kapasita ileile, bei ileile, ila bodi 60 za kwanza nilikuwa nimeshazilipia.