Hela ya karatasi haimo kwenye hojaji

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa hapa Dar es Salaam akisimama mbele ya jopo na kusema utafiti wake ni kukaa miezi minne kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akiangalia na kuandika, swali la kwanza analijua kabla halijaulizwa: sampuli yako ni watu wangapi? Akijibu "ofisi moja", sura zinabadilika. Nimewahi kumsikia msomi ninayemheshimu akisema ushuhudiaji ni umbeya uliovishwa joho. Neno lile bado linaniuma, kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu siasa za jiji hili niliyapata kwa kukaa kitako.

Wenye hojaji wana hoja, na haifai kuipuuza. Mwaka 2018 shirika la Twaweza, kwa kuwapigia wananchi simu, walikuta asilimia 55 wanaridhika na utendaji wa Rais Magufuli. Mwaka 2017 walikuwa 71, na mwaka 2016 walikuwa 96. COSTECH, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, ikawaandikia barua kuhoji kibali. Hakuna kijiwe cha kahawa ambacho kingeonyesha mteremko ule. Mtu wa Tandale angekwambia watu wamechoka, wa Mbezi angesema mambo shwari, na kila mmoja angekuwa mkweli kwa baraza lake.

Lakini hiyo 55 siachi kuifikiria. Katika kila watu 100, pengo la watu 41 ndani ya miaka miwili! Walihama kwa hasira, kwa hofu, au kwa kukauka mifuko? Na waliobaki, wangapi walisema ndiyo kwa sababu sauti kwenye simu ni ya mgeni na mgeni hajulikani katumwa na nani? Afrobarometer, wanaopima maoni ya wananchi katika nchi nyingi za Afrika, wenyewe wanalijua tatizo hili. Mwisho wa mahojiano humuuliza mtu anadhani nani kawatuma, na si wachache wanaotaja serikali, ingawa mwanzoni waliambiwa kuwa utafiti ni huru. Namba inakwambia maji yamepungua mtungini. Tundu liko wapi, itabidi uiname uangalie.

Miaka kadhaa nyuma nilikaa wiki sita kwenye benchi la ofisi moja ya mtaa, upande wa Temeke. Watu walifuata barua za utambulisho: huyu anamdhamini ndugu yake polisi, yule anafungua akaunti benki, kikundi cha akina mama kinahangaikia mkopo wa asilimia 10 za mapato ya halmashauri. Mama mmoja alipokea barua yake, akaupuliza mhuri ukauke, akaikunja mara mbili, kisha akasukuma noti ya elfu mbili chini ya daftari la wageni. Hakuna aliyemwomba. Karani aliendelea kuandika bila kuinua kichwa.

Nilimfuata nje na hojaji yangu, nikamsomea swali kama lilivyo: katika miezi 12 iliyopita, umewahi kutoa rushwa ili upate huduma ya serikali?

"Hapana, mwanangu."

Nikamuuliza kuhusu ile noti.

"Ile si hela ya karatasi? Kwani wale wataandikia nini?"

Hakudanganya. Kwake rushwa ni ile anayodaiwa mtu akikamatwa barabarani. Kwenye jedwali langu angeingia safu ya "hapana", na ofisi ile ingetoka safi. Ukiongeza sampuli kutoka mtu 1 hadi 2,400, kosa hilo halipungui, linajirudia mara 2,400 na kupewa heshima ya kiwango kidogo cha makosa.

Wala njia hii si ya kubahatisha. Richard Fenno aliambatana na wabunge 18 wa Marekani majimboni kwao miaka ya 1970, na humo ndimo alimoona kwamba mbunge ana majimbo manne yaliyobebana, kuanzia la kwenye ramani hadi la wandani wake wachache. James Scott aliishi kijiji cha wakulima wa mpunga Kedah, Malaysia, mashine za kuvunia zilipokuwa zimewanyang'anya maskini vibarua. Akaona heshima waliyoitoa mbele ya tajiri, na manung'uniko na wizi mdogomdogo nyuma ya mgongo wake. Dodoso lingeishia kwenye ile heshima.

Pingamizi linalonisumbua kweli si la sampuli, ni la kibali. Unaanzia COSTECH pale Sayansi, unashuka na barua mkoani, wilayani, katani, mpaka kwa mtendaji wa mtaa. Unapokalia lile benchi umeshakuwa mgeni wa serikali, na unaowachunguza ndio waliokupokea. Wiki ya kwanza sikuona hata shilingi chini ya daftari. Ningeondoka Ijumaa ile, ningeandika kwamba ofisi haina doa. Anayekusanya hojaji naye huja na barua hiyohiyo, ila yeye hukaa saa moja na kuondoka. Mimi nilikaa mpaka barua yangu ikasahaulika, na kusahaulika huko nako kuna deni: yule mama hakuniruhusu nimtazame. Ndiyo maana mtaa ule siutaji, maana ukitajwa, karani atajulikana hata bila jina.

Wiki ya tano nilifuta neno rushwa kwenye hojaji, nikaandika: ulipochukua barua, uliacha hela ya karatasi? Majibu yakaanza kuja bila mtu kukunja uso. Siku ya pili, kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kabla ya kujibu, "Ya karatasi au ya mhuri?" Zilikuwa mbili. Wiki zote zile mimi nilikuwa nimeona moja.