Baada ya shikamoo

Hapa Moshi, ukisema wanafunzi wa udaktari wafundishwe namna ya kumhudumia mzee au mgonjwa wa muda mrefu, jibu huja haraka: watoto wetu wamelelewa, wanaamkia, hizo ni shida za Ulaya. Jibu hilo lina ukweli wake. Mwanafunzi hapiti kitanda cha bibi bila shikamoo. Ila tazama kinachofuata. Akishaitikiwa marahaba, anamgeukia binti aliyemleta: "Anaumwa nini? Dawa anakunywa?" Bibi yupo, anasikia, na pengine ndiye pekee anayejua kwamba kidonge cha presha cha kila siku anakimeza siku moja, anaruka moja, ili vifike mwisho wa mwezi.

Heshima tunayo. Kinachopungua ni hamu ya kumchunguza. Kijana anavutwa na upasuaji, na ajali, na mgonjwa atakayepona akaondoka. Mwenye kisukari na miguu iliyovimba atarudi tena mwezi ujao, na malalamiko yake ni mepesi kubatizwa "uzee". Wilayani Hai, jirani zetu hapa, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta takriban watu 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia, maradhi yanayokula kumbukumbu. Nyumbani watu wanasema amezeeka tu. Daktari naye akisema hivyo, mzee huyo ataelezwa na nani?

Wapo wanaopendekeza kila mwanafunzi akabidhiwe mzee mmoja wa kumtembelea kwake kijijini, Kibosho au Machame, kwa miaka yote ya masomo. Naafiki. Wodini kijana anamkuta mzee katika siku zake mbaya kuliko zote, amelala, hajinyanyui. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, atamkuta anapalilia migomba na kugombeza wajukuu, na ataelewa mgonjwa huyu anapigania kurudi wapi.

Wapinzani wanasema ratiba imejaa. Hilo halinitishi, ratiba hupangwa na watu. Linalonisumbua ni jingine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Jefferson, Philadelphia, walionyesha kwamba huruma ya wanafunzi wao ilishuka mwaka wa tatu, wakati hasa wanapoanza kukaa na wagonjwa. Ni Marekani, sawa, lakini wodi hufundisha popote. Kijana atashuka kutoka Machame na ari yake, kisha kwenye raundi ya wodini amwone daktari mkubwa wake akisimama nusu dakika kwa babu wa kiharusi na dakika kumi kwa kesi adimu. Simlaumu mkubwa huyo kirahisi, kwa foleni iliyopo nje. Ila ndiye mwalimu, na bila yeye kubadilika ziara zitakuwa matembezi.

Tena mzee asigeuzwe kifaa cha kufundishia. Kijana aende na kipimo cha presha, ahesabu vidonge vilivyobaki, amuulize bibi mwenyewe kabla ya binti. Akikuta dawa zinarukwa, kliniki ipate habari wiki hiyohiyo, na kwenye mtihani wa wodini aulizwe alifanya nini baada ya hapo.